Matundu Aliyoyaziba Mzee Mfaume

Walikuwa wameshaipita Kibamba dereva alipokata kushoto, akashuka mteremko wa vumbi na kumshusha Farheen chini ya daraja ambalo miaka yote alikuwa akilipita juu kwa juu, bila kujua kuwa lina wenyeji. Chini kulikuwa na fundi baiskeli, mama wa mihogo na karai lake, na mzee mmoja aliyekuwa akigonga ukuta kwa nyundo huku ameutegea sikio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, injinia. Mie Mfaume. Miaka ishirini na nane nalitunza daraja hili, kesho wananiaga. Cheti kishaandikwa: mtumishi asiye na doa."

Farheen alitumwa kujua jambo moja: kwa nini ukuta unaobeba kichwa cha daraja umevimba. Asipopata sababu, malori yangezuiwa na ukuta ungevunjwa.

Mzee akagonga. Ngo, ngo. "Hapa mzima." Akasogea. Bwa. "Hapa zege limeachana na chuma."

Farheen akaomba nyundo, akagonga, akacheka peke yake. Ukuta ulikuwa unasema kweli! Akagonga tena, akifuata sauti kuelekea chini, ndipo akaona safu ya mabaka ya saruji, duara, kila moja kama kisahani. Kote huko mzee hakuwa amegonga.

"Haya nayo?"

Mzee akakohoa. Mama Tunu akadakia kutoka kwenye mihogo yake:

"Hayo katuzibia sie, sista! Maji yalikuwa yanachuruzika mpaka kwenye karai, mafuta yanaruka, wateja wanakimbia. Huyu ana huruma, si kama nyie wa maofisini!"

Farheen akamgeukia mzee.

"Yalikuwa matundu ya kutolea maji," mzee akasema polepole. "Maji ya udongo wa nyuma, yasiusukume ukuta. Nilijua. Nikasema naziba kiangazi tu, masika nazibua. Masika ikaja, nikawaona wamekaa pakavu... Sasa ukiandika, kesho wataniaga vipi?"

"Nisipoandika, watavunja ukuta usio na kosa. Na mpya nao utazibwa matundu."

Mzee akalitazama baka la kwanza, kisha akachukua patasi.

"Mama Tunu, hamisha karai."

"We mzee! Leo hii?"

"Hamisha."

Pigo la nne, maji yakafyatuka, mekundu kama chai ya rangi, yakamlowesha kuanzia kifuani hadi miguuni. Fundi baiskeli akapiga mluzi. "Haya, bwana harusi kaogeshwa!" Mama Tunu akasema, akikokota jiko. Mzee hakucheka. Alizibua yote tisa, akajipangusa uso.

"Andika jina lote. Mfaume Salumu Kondo. Lisikosewe."

Akapanda mteremko, viatu vikilia maji, akapotea kwenye kelele za barabara.

Farheen hakuondoka. Alichutama mbele ya ukuta, kiganja chake chini ya tundu la mwisho, akijiuliza ni masika ngapi zilikuwa humo ndani. Saa nzima baadaye maji yalikuwa bado yanatoka.