Konisi Mkononi, Suruali Miguuni

Wenzangu, leo nacheka, lakini siku ile ningepata shimo ningejifukia mwenyewe. Mimi, mwanaume mzima wa Ndhiwa, ndevu zote hizi, nilivuliwa nguo na konisi (ile mikanda ya urembo inayozunguka chumba pale ukuta unapokutana na dari) mbele ya mama mkwe.

Mama yake Boke, mke wangu, alikuwa anatoka Ntimaru kuja kuona nyumba yetu kwa mara ya kwanza, na kwetu Wajaluo kama kwao Wakuria mama mkwe si mtu wa mchezo: hamketi karibu, hamtazamani machoni, na Mungu apishe mbali akukute bila shati. Nilitaka aingie sebuleni, atazame juu, ajue binti yake hakuolewa na mtu wa hivi hivi. Fundi nilimkataa kwa sababu nilikuwa nimetazama video (video zimeniponza mara nyingi, na bado natazama).

Sasa, kukata pembe za konisi kunataka kisanduku cha kushikilia kipande kisicheze chini ya msumeno. Nikapigilia changu kwa mabaki ya mbao, kikawa kinalegea, nami kwa akili zangu nyingi nikavua mshipi nikakikaza nao, nikasahau kwamba suruali ile ya kazi niliirithi kwa kaka yangu mwenye tumbo. Vipande vingine nilivikata juu chini, chini juu, lakini mwishowe ikabaki kona moja tu, ya karibu na mlango. Nikapanda meza, nikapaka gundi, nikakishikilia kipande kwa mikono miwili kishike.

"Hodi!"

Wageni wamewahi. Boke, akidhani nimeshamaliza na kuoga, akafungua mlango, akaingia mama mkwe na akina mama wawili wa kanisa lake, wakasimama pale pale chini yangu.

"Boke, gundi haijashika!" nikapiga kelele. "Nikiachilia konisi itawaangukia!"

"Basi usiachilie, baba," mama mkwe akasema kwa Kiswahili (Kijaluo chake kinaishia kwenye salamu), macho ameyainamisha kwa heshima. "Sisi nyumba tunaiingia na maombi. Tufumbe macho."

Akaombea msingi, akaombea kuta, akaombea mabati, na kila alipoombea kitu suruali ikateremka kidogo. Nikabana magoti, nikabana tumbo, nikaomba kuliko wote. Alipofika kwa wajukuu ilikuwa vifundoni, na ndani nilivaa kaptura kuukuu ya kuchezea mpira yenye tundu mahali ambapo sitapataja. Aibu ilinichoma mpaka masikioni.

"Katika jina la Yesu..." Nikajua nimekwisha.

Mama mkwe akaikatiza sala hapo hapo, macho bado ameyafumba kabisa.

"Amina bado," akasema. "Mtu asifumbue. Boke mwanangu, saidia bwana yako avae longi, sisi tunaendelea kuomba."

Akaanza upya, kutoka msingi.

Tulikula kuku vizuri siku hiyo, na nyumba aliisifu. Kona ile mpaka leo ina ufa wa kuingiza kidole. Kila akija anautazama, anatikisa kichwa taratibu, kisha anafumba macho kabla ya kunisalimia, nami moyoni nafurahi kuwa na mkwe kama huyo. Konisi nitakata tena, kazi yenyewe naipenda, lakini mshipi wangu hautoki kiunoni hata dari ianguke.