Malaria ya Uongo

Nilipasuliwa matiti mara mbili kabla sijaolewa. Nalisema mapema ili asiyetaka habari hizi aweke kitabu chini, maana kwetu Upareni, siku za Ujamaa, neno hilo halikutamkwa mbele ya wakubwa ila mtu alipozungumzia mtoto kunyonya.

Yalikuwa makubwa kupita kiasi. Nikiinama kulima shingo iliniuma mpaka jioni, chini ya matiti palikuwa na vidonda vya jasho visivyopona hata kipindi cha ukungu, na kamba za sidiria zilinichimba mabega. Wavulana walikuwa na maneno yao, nami siyarudii hapa. Mama alinipeleka hospitali ya misheni kwa ajili ya vidonda tu. Tulimkuta daktari mgeni wa upasuaji, Mzungu mrefu aliyekuwa akizungukia hospitali za milimani. Akasema kupitia kwa muuguzi kwamba dawa ya vidonda vile ni kuyapunguza matiti yenyewe. Mama akauliza kama huo ni ugonjwa. Daktari akasema ndiyo, na mama akakubali.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Niliamka kifua kimefungwa bandeji, chepesi kiasi kwamba nilidhani nimeondolewa yote. Masharti yalikuwa machache: nisibebe kitu, nisinyanyue mikono kupita mabega, mpaka daktari arudi na kuniruhusu.

Tatizo lilikuwa nyumbani. Mama hakuweza kuwaambia majirani nimepasuliwa wapi, kwa hiyo akawaambia nina malaria. Ulikuwa uongo wa haraka, na ubaya wake ni kwamba kila mtu kijijini aliijua malaria na muda wake. Wiki ya kwanza walinionea huruma. Wiki ya pili walishangaa. Baada ya hapo wakaanza kumtazama mama kama mtu anayeficha mvivu ndani.

Kwetu kuna msaragambo, kazi ya pamoja. Pembe ikipulizwa alfajiri, kila nyumba inatoa watu, iwe kutengeneza barabara au kuzibua mfereji. Mwaka ule tulikuwa tukitengeneza ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji kabla ya kuyafungulia mashamba, kwa sababu ukingo wake ulikuwa unavuja. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja kunijulia hali. Nikamwamkia shikamoo kutoka kitini, akaitikia, akaniona ninakula makande bila shida yoyote. Hakunilazimisha. Alisema tu kwamba ipo kazi nyepesi, ya miguu: kukanyaga udongo wa ukingo ili ushikamane.

Mama alifikiri, nami nikafikiri vilevile, kwamba miguu haina habari na kifua. Tulisahau jambo ambalo tumelijua tangu utotoni. Udongo wa ndiva haukanyagwi na mtu mmoja mmoja. Wanawake hujipanga mstari, wakashikana mikono, wakaimba, na mikono hupanda na kushuka pamoja na wimbo. Kushikana huko ndiko kunakomzuia mtu asiteleze. Jirani yangu wa kushoto aliteleza, nami nikamzuia. Nikasikia kitu kikiachia chini ya titi la kushoto, bila maumivu makubwa, kama mshono wa gauni. Niliendelea kukanyaga mpaka wimbo ukaisha, kwa kuwa mtu mwenye malaria hana sababu ya kushika kifua.

Kidonda kilipona vibaya. Kovu lilijikunja likawa nene, likalivuta titi chini na pembeni, la kulia likabaki mahali pake. Mama, ambaye mkono wake ulikuwa mwepesi kwenye sindano, alinishonea kifuko cha sufi cha kujazia upande mmoja. Nilikivaa kanisani. Tuliposimama kwa wimbo kilipanda taratibu mpaka kikafika karibu na shingo, na msichana mmoja wa kwaya akacheka hadi akashindwa kuimba. Nilikasirika sana. Ile hasira, wala si kovu, ndiyo iliyonifanya niseme nataka kurudi hospitalini.

Mama alikataa. "Mara ya kwanza ulikuwa ugonjwa," alisema. "Hii ya sasa ni urembo."

Urembo siku hizo lilikuwa neno zito. Kwenye mikutano tuliambiwa kuhusu wasichana wa mjini wenye rangi za midomo na nywele za bandia kana kwamba wao ndio walioleta njaa. Nilimwambia mama kwamba sikuomba uzuri wa mtu.

"Nataka yalingane," nikasema. "Basi."

Hata hivyo, daktari aliporudi milimani, mama alinisindikiza. Daktari alilishika kovu, akalipima kwa vidole, akasema linatengenezeka, ila mara hii tu. Mshono ukiachia tena, ngozi ya kuvutwa na kushonwa upya haitakuwepo, na nitabaki hivyo hivyo maisha yangu yote. Muuguzi alilirudia hilo kwa Kipare ili mama asiseme hakusikia.

Nikapasuliwa, nikarudi nyumbani, na kabla wiki haijaisha pembe ikapulizwa. Ukingo wa ndiva ulikuwa umevuja tena. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kisu. Kutoka kitandani nilimwona mama akijifunga kanga kiunoni, nikangoja kusikia ugonjwa gani utatajwa safari hii. Akatoka bila kutaja wowote.

Yaliyotokea huko nilisimuliwa na yule jirani aliyeteleza. Balozi aliuliza niko wapi. Mama alikuwa tayari amesimama kwenye udongo, wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili, na wazee wawili wa kanisa walikuwapo.

"Mwanangu amepasuliwa matiti," alisema. "Ile malaria niliitunga mimi. Leo nakanyaga zamu yangu, nikimaliza nakanyaga yake."

Jirani alisema watu walitazama chini, kila mmoja akaupenda sana udongo wake. Kisha mwanamke mmoja akaanzisha wimbo. Mama alikanyaga na kundi la kwanza, kundi la pili lilipoingia hakutoka. Alirudi saa za mchana, tope mpaka mapajani, akaniuliza kama nimenyanyua kitu chochote. Nikasema hapana. Kuanzia kesho yake majirani walituletea maji na kuni, na hakuna aliyeulizia malaria yangu.

Siku ya kufunguliwa bandeji mama aliingia chumbani pamoja nami. Mara ya kwanza alikuwa amebaki nje, akitazama milima. Sasa aliinama karibu kabisa, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, muda mrefu, kwa jicho lile la kukagua mshono.

"Yamelingana," akasema.