Milango ya Gari la Cheche

Tangu mkewe afariki, fundi Cheche alizungumza na chuma zaidi kuliko na watu. Ukimsalimia asubuhi, anakujibu kwa nyusi. Ukimuuliza ameamkaje, anawasha mashine ya kuchomelea. Basi majirani wa gereji wakamzoea, wakamwacha na vyuma vyake.

Nyuma ya gereji lilikuwepo gari jekundu la zamani la mashindano, la viti viwili, lisilo na paa. Lilikuwa lake na shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe. Cheche analitengeneza, shemeji analiendesha, na siku ya mbio mkewe, enzi za uhai wake, anawapigia kelele wote wawili kutoka ukingoni. Mbio gari lilikuwa nazo, ila ugumu halina. Kwa kuwa halikuwa na paa la kulishika juu, likiingia kona mwili mzima unajinyonga, na siku moja mlango wa dereva ulifunguka wenyewe katikati ya mashindano. Shemeji alisimamisha gari, akashuka. "Likaze hili gari, shemeji," alisema. "Likikazika niite. Popote nitakapokuwa nitakuja."

Baada ya msiba shemeji aliendelea kuja gerejini. Hakuwa na kazi pale, alikuja kukaa tu, amtaje dada yake kidogo, apumue. Cheche alivumilia kwa muda, kisha akamwambia, "Hapa ni kazini. Mambo ya msiba yabaki nyumbani." Loo, maneno gani hayo jamani! Kijana wa watu aliweka kikombe cha chai chini, akaenda zake.

Hakurudi, wala Cheche hakumtafuta. Alimkumbuka, tena sana, lakini kushika simu na kusema "nisamehe" kulimshinda. Kichwa chake kigumu kikaona njia moja tu: atalikaza gari. Likikazika, atakuwa na sababu ya kupiga simu, na shemeji atarudi.

Akalivua gari mpaka likabaki mifupa. Aling'oa viti, zulia na milango yote miwili. Akaliinua juu ya stendi nne, akakata mabomba ya kupita nyuma ya viti na vipande vinene vya kuongeza nguvu chini ya milango. Sasa kazi hii ina sharti lake. Kabla hujachomelea, unapima kutoka pembe ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha unapima ile njia nyingine. Vipimo vikilingana, gari limekaa sawa, choma. Visipolingana ukachoma hivyo hivyo, umelifunga likiwa limepinda, na kulinyoosha tena ni mpaka ukate kila kitu. Na tepu ya kupimia ina ncha mbili. Miaka yote ncha ya pili aliishika shemeji.

Fundi rangi wa kibanda cha jirani, mtu mwenye mdomo, alichungulia akamwona Cheche ameibana ncha ya tepu kwa koleo, anakimbilia upande wa pili kabla haijafyatuka.

"Jirani, unafukuzana na nani?" aliuliza. "Nikushikie?"

"Shika brashi yako."

"Haya, mkubwa. Nilisema tu."

Koleo liliteleza kidogo. Cheche hakuona, au aliona akajidanganya, maana hamu ilishampanda. Alisoma namba aliyoitaka, akachomelea. Alipomaliza alilisukuma gari kwa bega lake lote, halikutikisika. Akacheka peke yake, akanawa mikono, akapiga simu.

"Limekazika," alisema.

"Nakuja," shemeji alijibu.

Weee, furaha yake! Alifagia gereji, akanunua majani ya chai na sukari, akavaa shati safi. Ndipo akaanza kurudisha milango. Wa kushoto uliingia kwa shida. Wa kulia ukagoma. Aliupiga kwa kiganja, akausukuma kwa goti, akalegeza bawaba, wapi! Ulipishana na nafasi yake kwa upana wa kidole kizima. Shemeji aliingia akamkuta bado ameukumbatia.

Shemeji hakuhitaji kuambiwa. Aliinama, akalitazama gari kutoka nyuma kwa jicho moja.

"Limepinda," alisema.

"Kidogo."

"Wakaguzi wa mashindano hawatalipitisha. Nani alikushikia tepu?"

"Hakuna."

"Si ungeniita?"

"Ungekuja?"

Shemeji alifikiri kweli kweli. Hakutaka kumdanganya. "Nisingekuja," alisema. "Ulinikataza kumtaja dada yangu. Leo nimekuja kwa ajili ya gari, kwa sababu niliahidi. Na gari lenyewe ndilo hili."

Cheche alitaka kusema kaa, chai iko tayari. Alitaka kusema hata mimi msiba wa dada yako unaniuma, kila siku unaniuma. Kilichomtoka mdomoni ni, "Nitalikata nianze upya."

"Likate," shemeji alisema, akaondoka.

Cheche akavaa ovaroli juu ya lile shati safi, akachukua grinda. Lile jiwe la kukatia lilipogusa bomba la kwanza likapiga ukelele wa kuziba masikio, na ndani ya ukelele huo Cheche akalia. Alilia mdomo wazi, akimwita mkewe kwa sauti yake yote, kwa sababu hakuna ambaye angemsikia.

Umeme ukakatika.

Grinda ikazima, kompresa ya jirani ikazima, gereji zote za mtaa zikanyamaza, akabaki yeye peke yake anasikika. Alijaribu kujizuia, akashindwa.

"Jirani?" Fundi rangi aliita kutoka nyuma ya mabati, na safari hii hakuwa na mzaha. "Kuna nini huko?"

"Vumbi la chuma. Limeniingia jichoni."

"Nije?"

Cheche alijifuta uso kwa mkono wa ovaroli. Alishafungua mdomo kusema hapana.

"Njoo," alisema.