Mbuzi Azaa Nyuma ya Lakiri

Saa saba mchana. Kwenye uwanja wa forodha mpakani, mwanamke aliyejifunga kilemba cha rangi ya machungwa ameegemeza sikio kwenye bodi la lori lake. Ndani kuna mbuzi wa maziwa arobaini. Mmoja ameshikwa na uchungu.

“Ni yule mweusi,” anasema. “Namjua kwa sauti.”

Madereva wenzake humwita Mama Lakiri. Jina hilo alilipata mwaka jana, mbuzi alipoanza kuzaa njiani naye akachukua koleo, akakata lakiri ya forodha, kile kifungo cha chuma kinachotiwa mlangoni ili mzigo usiguswe. Mbuzi akapona. Yeye akafungiwa leseni miezi minne, akaambiwa akirudia ndiyo basi tena.

“Miezi minne nimelishwa na mama yangu, mtu mzima mimi,” anasema. “Sasa kila safari ananipigia simu: mwanangu, hilo koleo liache chini ya kiti.”

Siku hizi maofisa wa nchi mbili hukaa ukumbi mmoja, meza kwa meza, kila mmoja na sheria ya kwao. Kanuni zenyewe zimeunganishwa: lakiri imetoka kwa jirani mmoja, ukaguzi wa mifugo kwa mwingine, na masharti ya kumtunza mnyama yameletwa na wanunuzi wa ng'ambo. Ukisoma kila kifungu peke yake, huoni ubaya.

“Ni chungu kimoja kinachopikwa na wake wenza watatu,” anasema Mama Lakiri. “Kila mmoja katia chumvi yake. Anayekula ni mimi.”

Kwa kawaida daktari wa mifugo huchungulia kwenye matundu ya hewa, akaridhika, akasaini. Lakini mnyama asiye mzima lazima apimwe kwa mkono kabla ya kukubaliwa. Hapo ndipo mambo yanapokwama. Mama Lakiri anaingia ukumbini kuomba mlango ufunguliwe, nami namfuata na daftari langu.

“Dada yangu, sikati lakiri mpaka daktari aukubali mzigo,” anasema ofisa wa forodha. Si mkali. Amechoka tu, kama sote humu ndani.

“Na mimi nitakubalije mnyama ambaye sijamgusa?” anajibu daktari kutoka meza ya pili. “Nimeshawapigia wakubwa. Tusubiri.”

Wanaheshimiana sana hawa wawili. Hata chai wanakunywa kwenye birika moja. Nawatazama na hasira inanipanda.

Mama Lakiri anatoka, anarudi kwenye lori, anasikiliza. Mbuzi sasa hapigi kelele, anakoroma. Anafungua mlango wa dereva, anainama, anatoa koleo. Anaitazama lakiri. Nadhani atakata.

Hakati. Anaingia nalo ukumbini, analiweka juu ya meza, katikati ya wale wawili.

“Mimi nikikata, watoto wangu hawali,” anasema. “Nyinyi mkikata, mtaandika barua tu ya kujieleza. Haya, jamani.”

Daktari ndiye anayesimama kwanza. Ofisa wa forodha anashusha pumzi, anachukua koleo, anamfuata.

Mlango unapofunguliwa, mbuzi mweusi amelala ubavu kwenye majani makavu, anamlamba mtoto wake. Mtoto ameshakufa. Daktari anapiga magoti, anampima mama kwa mkono kama kanuni inavyotaka, anasema atapona.

“Tumechelewa kidogo,” anasema ofisa wa forodha.

“Kidogo,” anasema Mama Lakiri, na machozi yanamtoka.

Mbuzi anapewa maji. Mlango unafungwa, lakiri mpya inatiwa, na daktari anaukubali mzigo. Kutoka ndani, mbuzi mweusi anaanza kuita.

Mama Lakiri anapanda kitini, anawasha gari, lakini haliondoi. Namuuliza atafanya kazi hii mpaka lini.

“Nimeshamwomba tajiri wangu anibadilishie gari, nibebe saruji,” anasema, akijifuta macho kwa ncha ya kilemba. “Saruji hata ukiifungia wiki nzima, hailii.”