Njia ya Pili Aliyoiona Sadiya

Ukitaka kumuudhi Sadiya, mwambie kazi yake ni kupiga picha matumbo ya wajawazito. Wajawazito anawapima, ndiyo, na mapacha wengi wa mji wa Arua yeye ndiye aliyewaona kabla ya mama zao. Lakini fahari yake iko kwingine, mahali ambapo watu wa heshima hawapendi hata kupataja: makalioni. Shangazi zake waliposikia, walishika vinywa. Mjukuu wa sajini wa Kinubi, msichana aliyehitimu Kurani, anatafuta riziki huko? Sadiya akawajibu kwamba huko nako kaumba Mungu yuleyule, tena kwa ufundi.

Nami nasema aliwajibu sawasawa. Kwetu ugonjwa wowote wa upande huo huitwa bawasiri, basi. Mtu anavuja usaha miaka na miaka, anapewa majani ya kukalia, na wahenga walishasema mficha uchi hazai.

Mzee Swadiki wa Koboko alikuwa mmoja wa hao wafichaji. Alikuwa mwanajeshi mstaafu mwenye shamba la muhogo Kuluba, na kando ya njia yake ya haja kubwa palikuwa na tundu dogo lililotoa usaha mwaka wa tatu sasa. Fistula, yaani kijia cha usaha kilichojitoboa chini ya ngozi. Alipasuliwa mara mbili, na mara zote mbili ikarudi. Msikitini aliacha kwenda kwa kuogopa kuchafua mkeka, watu wakasema ameasi dini. Alipokuja uwanjani Onduparaka kutazama mpira alisimama wima mchezo mzima, wakamsifu kwa ushabiki. Sasa binti yake, Mariam Poni, alikuwa amechumbiwa, na baba anayeozesha hukaa kwenye mkeka, akaushika mkono wa mkwe mpaka nikaha ifungwe.

"Mimi nataka kukaa tu," alimwambia Sadiya siku ya kwanza. "Siku moja ile. Kama mutu."

Daktari wa upasuaji, Kasimiro, alikuwa amekataa kumkata mara ya tatu bila picha. Kisu kikipita vibaya kwenye misuli ya kubana choo, mzee angevaa nepi mpaka kaburini. Alitaka kumpeleka Kampala, kwenye mashine kubwa ya sumaku. Mzee akauliza atakaaje kwenye basi safari nzima juu ya jipu. Ikabaki altrasaundi ya Sadiya.

Sadiya akampima. Kwenye kioo cha mashine akaona kijia kifupi kilichonyooka, kama zilivyosema ripoti mbili za upasuaji wa zamani. Alikuwa ameshashika kalamu aandike hivyohivyo, ila kitu kikamzuia. Mzee alinukia marashi. Tundu lilikuwa kavu, na ngozi pembeni yake nyekundu, imetoka kubanwa.

"Baba, asubuhi umefanya nini?"

"Mimi nimejitayarisha," mzee akasema kwa majivuno. "Nimekamua yote, nimeosha na maji moto, nimeziba na pamba na marashi. Mimi askari. Kwa paredi mutu haiendi chafu."

"Na zile mara mbili ulizopasuliwa?"

"Kila mara! Mbele ya daktari lazima safi."

Sadiya nusura acheke, kisha hasira zikampanda, si kwa mzee, kwa miaka mitatu iliyopotea. Kijia kilichokamuliwa hujifumba, na kipande kilichojifumba kioo hakikioni.

"Rudi Alhamisi," akamwambia. "Usikamue, usizibe. Njoo hivyohivyo."

Mzee akainuka ameudhika. "Binti ya Waislamu, unasema mimi nikuje najisi mbele yako?"

"Ndiyo, baba. Usafi wako ndio umeuficha ugonjwa."

Akaondoka bila kuaga. Sadiya alikosa raha siku zote hizo. Alijua amemwomba mzee jambo ambalo askari hampi mtu, kuonekana mchafu, na kwamba asiporudi hakuna mwingine wa kulaumiwa.

Alhamisi akaja. Hakusalimu, alilala kwa ubavu akaukabili ukuta, na machozi yakamtoka kwa aibu. Sadiya akavaa glavu. Kwa mpira mwembamba akatia tunduni matone ya ile dawa ya vidonda inayotoa povu, maana povu huonekana jeupe kwenye kioo. Likaenda moja kwa moja katika njia ileile, likapotea. Bibi yake Sadiya alikuwa akisuka vifuniko vya chakula vya rangi, na alimfundisha kwamba uzi ukizama chini haujaisha, ngoja utakapotokea. Sadiya akatuliza mkono, akangoja. Povu likaibukia nyuma, likazunguka misuli, likavuka upande wa pili, likaishia kwenye kifuko cha usaha ambacho kisu hakijapata kukigusa.

"Nimekuona!" akapiga kelele, na mzee akashtuka kitandani.

Akaichora njia yote kwenye karatasi, misuli kwa kalamu ya bluu na kijia kwa nyekundu. Kasimiro, ambaye sifa huzitoa kwa taabu, aliubandika mchoro ule ukutani mwa chumba cha upasuaji. Akakifungua kile kifuko, akapitisha njiani uzi wa kitabibu wa kuutoa usaha polepole, na misuli hakuikata. Kupona kulichukua miezi. Harusi iliahirishwa mara mbili, na Mariam Poni hakunung'unika hata mara moja.

Siku yenyewe Sadiya alialikwa Koboko, akaketi na wanawake karibu na mlango. Akamwona Mzee Swadiki akikunja miguu na kukaa mkekani, kakaa kabisa, huku ameushika mkono wa mkwe. Nikaha ikafungwa, dua ikaisha, watu wakainuka kwenda kula. Mzee hakuinuka. Mkwe akainama amsaidie.

"Baba, simama, chakula iko tayari."

"Wacha mimi," mzee akasema, akiupapasa mkeka. "Miaka tatu mimi nasimama."

Sadiya akalia waziwazi. Mama mmoja kando yake akamuuliza yeye ni nani kwa bibi harusi, mbona analia kuliko ndugu.

"Mimi?" akasema, akifuta machozi kwa mtandio. "Mimi ndiye mpiga picha wa makalio."