Wali wa Kabla ya Pigano

Kasuku nzima, mtaa wetu hapa Kindu, wananijua kama mwanaume aliyepiga teke sahani ya wali mbele ya mama yake mzazi. Sikatai. Ilikuwa sahani kubwa ya bati, ile tunayoitoa kwa wageni tu, wali umejaa hadi juu, kuku ndani ya mawese, na niliipiga kwa mguu wa kulia kwa nguvu zangu zote, hadi mifupa ikagonga ukuta. Majirani walikuwa wameshanawa mikono. Binti yangu alikuwa ameshika tonge la kwanza karibu na mdomo. Nililipiga likamtoka mkononi.

Waliokuwapo walisema nina wazimu. Mimi ni mtu wa hasira, sijifichi. Nimepigana ngumi miaka kumi na minne, na tangu nilipoacha nafundisha ngumi katika ua mmoja nyuma ya soko. Nimewapiga watu kwa sababu ndogo kuliko wali. Lakini siku ile haikuwa hasira. Niliogopa, na mimi nikiogopa napiga.

Nianze na chakula cha asubuhi, maana ndicho kilichotufikisha huko. Kindu inaamka kwa chai yenye sukari nyingi na maandazi. Mke wangu mwenyewe anayakaanga mlangoni kwetu, na hakuna anayemshinda. Mimi nilipanda ulingoni ujana wangu wote na maandazi sita tumboni. Raundi mbili nilikuwa simba, raundi ya tatu miguu inanikana. Mara ya mwisho jamaa mmoja alinipiga ngumi ya tumbo nikatapika chai mbele ya watu, na nilipoinama kutapika akaning'oa jino. Watu walicheka hadi wakalia. Nililala siku tatu nikimchukia yule jamaa, ya nne nikaanza kuyachukia maandazi.

Basi wanaofanya mazoezi kwangu nawalisha kwa njia nyingine. Asubuhi uji wa mahindi uliochanganywa na karanga za kusaga, bila sukari. Yai la kuchemsha, mawili kama yapo. Maharagwe yaliyobaki jana, kipande cha papai. Mchana wali usiozidi ngumi moja, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese kidogo, samaki. Wafanyabiashara wenye matumbo makubwa wakaanza kuja nao, na hao niliwaambia vilevile: mafuta na sukari vipungue, mwendo uongezeke, ila mtu asikae na njaa. Hiyo ndiyo sheria kali kuliko zote katika ua wangu. Siku moja bondia mmoja alikuja hajatia kitu mdomoni tangu jana yake, ati akonde haraka. Nilimtoa nje kwa fimbo. Mke wangu alisema nyumbani kwake kumeingia daktari asiye na shule, na akaendelea kukaanga.

Binti yangu ana miaka ishirini. Mwaka uliotangulia alipigana na msichana wa Kampene, mtoto wa mchimba dhahabu, aliyekuwa na mikono iliyokomazwa na kubeba mawe. Yule msichana alimvunja pua katika raundi ya kwanza, na bado akaendelea kumpiga palepale penye damu, kwa utulivu, kama mtu anayetwanga. Binti yangu alirudi nyumbani na uso usiojulikana. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu, apewe tena msichana yule. Nami nilimpenda zaidi kwa hilo.

Alipopewa, sharti lilikuwa kilo hamsini na saba. Yeye alikuwa na sitini na moja, na tulikuwa na wiki sita. Nilimwambia zinatosha, tutakwenda polepole kwa uji na mayai. Wiki ya kwanza zikashuka kidogo, ya pili kidogo, ya tatu na ya nne zikagoma. Halafu ghafla nikamwona anapungua. Nikatamba. Niliwaambia watu wote sokoni kwamba ni karanga zangu, ni uji wangu. Asubuhi nilimpa bakuli, akatoka nalo nje akidai anataka hewa, akarudi nalo tupu. Bata wa jirani walikuwa wamenona vizuri, na mimi nikawasifia hata hao.

Kupima uzito kwetu kunafanyika kwa mnunuzi mmoja wa mchele, juu ya mizani yake ya magunia. Ilikuwa siku moja kabla ya pigano. Msichana wa Kampene alipanda, akashuka, akamwangalia binti yangu na kujifuta pua yake mwenyewe kwa kidole, makusudi. Binti yangu akapanda. Hamsini na nne na nusu. Watu wakapiga makofi. Mimi niliangalia chini, nikaona magoti yake. Yalikuwa makubwa kuliko mapaja.

“Umekula nini asubuhi?” nilimwuliza.

“Uji, papa.”

“Usinidanganye.”

Akacheka. Midomo yake ilikuwa imepasuka. “Kilo zilikatala kushuka, papa. Uji yako nilikuwa napatia bata. Sasa iko siku sita. Maji tu. Na jana hata maji sikunywa.” Alisema hivyo kwa majivuno, akingoja nimsifu.

Magoti kama yale niliwahi kuyaona mara moja tu.

Wakati wa vita nilikuwa na miaka kumi na sita. Mji ulikuwa umezingirwa, na mtu hakuweza kwenda shambani bila kukutana na bunduki. Mimi nilikamatwa njiani nikiwa na fungu la majani ya muhogo kichwani, la kupika sombe. Wenye silaha walilitupa chini, wakalikanyaga hadi likawa matope, kisha wakanipiga kwa kitako cha bunduki upande wa sikio. Sikio hilo halisikii mpaka leo. Yaya, yaani kaka yangu mkubwa, alisema zamu yake imefika. Alivuka mto kwenda ng'ambo, upande wa Alunguli, kutafuta muhogo, na huko wakamchukua awabebee mizigo msituni. Alikaa nao miezi saba.

Alirudi asubuhi moja, kwa miguu. Magoti yalikuwa makubwa kuliko mapaja, vidole viwili havikuwapo, na mgongo ulikuwa na mistari ya fimbo, mipya juu ya ya zamani. Mama hakulia. Kwetu mtu akirudi kutoka mbali haulizwi habari kabla hajala, na anayemlisha haachi mpaka sahani iishe mbele ya nyumba nzima. Mama alibadilisha kitenge chake cha mwisho kwa mchele na kuku. Yaya akamaliza sahani ya kwanza. Akamaliza ya pili. Halafu akaweka mkono tumboni akasema, “Imetosha, mama.” Mama alicheka, mara ya kwanza kwa mwaka ule, akapakua ya tatu. Alifinyanga tonge kwa mkono wake na kumtia mdomoni, tonge baada ya tonge, huku akisema, “Kula, mutoto wangu, wamekumaliza.” Mimi nilikaa pembeni natafuna mifupa na kupiga makofi. Nilikuwa na furaha. Nalisema wazi kwa kuwa linaniumiza: nilikuwa na furaha sana.

Kabla ya adhuhuri miguu yake ilianza kuvimba. Jioni alihema kama aliyebeba gunia. Kesho yake aliongea na watu wasiokuwapo, akawaomba wasimpige, akatetemeka mwili mzima, akafa. Tukamzika siku hiyohiyo, na kila mtu akasema ni fimbo zimemuua. Mama ndiye aliyelisema kwa sauti kuliko wote. Tangu hapo, zaidi ya miaka ishirini, kila alfajiri baada ya kuswali anawalaani wale watu, mikono juu, bila kukosa siku.

Nilipokuwa napigana kulikuwa na muuguzi mzee aliyenishona nyusi. Siku moja, sindano ikiwa usoni mwangu, alinieleza mambo ya chakula. Alisema mtu aliyekaa na njaa muda mrefu usimpe sahani iliyojaa. Umpe uji mwepesi, vijiko vichache, kesho viongezeke kidogo. Ukimshibisha ghafla, mwili unavurugika na moyo unaweza kusimama. Alikuwa anajisemea tu, hakumjua yaya. Nilitoka nje nikapiga ukuta kwa ngumi hadi mfupa wa mkono ukavunjika, akalazimika kunifunga na huo pia. Mama sikumwambia. Ningemwambia nini?

Kwa hiyo siku ile ya mizani nilimpakia binti yangu kwenye pikipiki, nikamwambia mwendeshaji akimbize. Njia nzima nilifikiria uji mwepesi na kijiko. Najua siku sita si miezi saba. Daktari angeniambia nitulie. Lakini tulipoingia uani, mama alikuwa amekwisha kupika. Alikuwa jikoni tangu asubuhi, na alipopigiwa simu kwamba mjukuu wake amefaulu mizani akaita majirani, akaandaa ile sahani. Aliketi mbele yake akiwa amekunja mkono wa nguo, tayari kumlisha.

“Kaa, mama yangu mudogo,” alimwambia mtoto. “Kula mbele, tutaongea nyuma.”

Mtoto hakungoja kulishwa, akafinyanga tonge mwenyewe akalipeleka mdomoni. Mguu wangu haujui kuhesabu siku. Nilipiga.

Mama aliinuka kwanza. Alichukua mwiko ndani ya sufuria ya mawese ya moto akanipiga nao shavuni, ngozi ikababuka. Kabla sijainua mkono, binti yangu alinipiga ngumi ya kushoto, ileile niliyomfundisha, kwa hasira yote ya siku sita za njaa. Nilianguka juu ya wali.

“Papa, hii njo nini?” alipiga kelele. “Njo nini?”

Nilitaka kusema kitu kingine. Kinywa kilikuwa kimejaa damu, na maneno yaliyotoka ni yale niliyoyaficha. “Hii chakula njo ilimuua yaya.”

Mama alisimama na mwiko mkononi. “Yaya yako aliuawa na wale bantu ya bunduki.”

“Wale walimutia njaa, mama. Sahani njo ilimumaliza. Ule muganga alikuwa ananishona nyusi aliniambia zamani.”

Majirani waliondoka mmoja mmoja, mikono yao bado imelowa. Mama aliweka mwiko chini taratibu, akaingia chumbani, akafunga mlango. Mchana ule wote nilimlisha binti yangu uji kwa kijiko, na maji kidogo kidogo. Alikuwa ananitazama kwa chuki akimeza.

Kesho yake nilimkataza kupigana, akaniambia nisipomfunga kitambaa mikononi atajifunga mwenyewe. Nikamfunga. Raundi ya kwanza alisimama. Ya pili, msichana wa Kampene alimpiga ini, ngumi moja fupi, akaanguka kwa magoti, na yule akampiga tena akiwa chini. Nilitupa taulo nikaruka kamba, nikamshika mwamuzi shati, walinitoa watu wanne. Binti yangu aliponyanyuka alinitemea damu miguuni. Alikaa wiki tatu bila kunisemesha. Leo anapigana katika kilo sitini, anakula mayai mbele yangu na kunionyesha bakuli tupu kwa dharau. Namwacha adharau. Ni mzima.

Mama ndiye aliyebaki palepale, kwenye ile sahani. Tangu siku ile hajapika. Alfajiri namsikia akiswali, anamaliza, anainua mikono, na hapo alipokuwa akiwalaani wale watu pananyamaza. Nilimwambia zaidi ya mara moja kwamba wauaji ni walewale, kwamba aliyemnyima mtu chakula miezi saba ndiye aliyemuua. Ananisikiliza kama anavyomsikiliza mgeni.

Wiki iliyopita nilikuwa nakoroga uji wa mabondia wangu, akatoka akaketi karibu na moto. Mkono wake wa kulia alikuwa ameufunika ndani ya kitenge.

“Ile siku,” alisema, “sahani ya tatu. Nani alimulisha? Miye nimesahau.”

Sijui kama kweli alikuwa amesahau. Nilimtazama, na yeye akautazama moto.

“Ni miye, mama,” nilisema. “Miye njo nilimulisha. Weye ulikuwa unasema imetosha.”

Aliutoa mkono wa kulia ndani ya kitenge. Kisha akainuka akanipiga kofi, halafu jingine, halafu kwa ngumi, kifuani, usoni, kwenye sikio lile lililo zima, akimtaja mwanawe kwa jina kila pigo, akilia kwa sauti ambayo hakuwahi kuitoa hata siku tuliyomzika. Ana miaka zaidi ya sabini na ana nguvu bado. Miaka yote nimewafundisha watu kuinua mikono wakipigwa. Mimi niliishusha yangu, nikamwacha apige hadi achoke.