Siku Nilipofunga Kamba Kibirizi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nasikia aibu kama imetokea jana. Naisimulia leo kwa sababu nimeambiwa umechaguliwa kuongoza kikundi huko chuoni, na kwamba umeshaanza kulalamika: wenzako wazito, kazi yote unaifanya wewe. Nilicheka niliposikia. Nilijiona mimi mwenyewe nikiwa na miaka ishirini, gauni limepigwa pasi, naamini nchi nzima inanisubiri niipange.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, kila mtu ni ndugu na kila kijiji kina kamati. Mimi mtoto wa Ujiji, wa nyumba ya wafanyabiashara, mdomo mwepesi tangu utotoni. Nilipata nafasi katika kozi ya biashara na ushirika iliyofunguliwa mjini Kigoma, nikapanga chumba Katubuka ili niwe karibu na masomo. Mwalimu wetu, Mwalimu Sabina, alikuwa mama mpole asiyepandisha sauti. Alitufundisha somo lililoitwa Tabia ya Watu Kazini: kwa nini watu wakiwa pamoja hufanya kazi vizuri au huivuruga, nani huongoza, nani hufuata na kwa sababu gani. Katika mtihani wa maandishi hakuna aliyenishinda. Nilijua majibu yote ya ubaoni.

Kisha akatugawa watatu watatu. Kila kikundi kitafute watu wanaofanya kazi pamoja, kiwatazame, kibuni mpango wa kuwasaidia, kiujaribu, kisha kirudi kueleza. Akaweka sharti moja lililotunyima raha: siku ya kueleza yeye ndiye atakayemchagua msemaji, na huyo akishindwa, wote watatu wanarudi makwao bila cheti.

Wenzangu walikuwa Yohana na Feza. Yohana alikuwa Mha wa huko juu upande wa Kasulu, ametumwa na kijiji chake cha ujamaa asome ili arudi kusimamia duka la ushirika. Kijiji kizima kilikuwa kinamngojea. Alikuwa mtu wa maneno machache, akiulizwa jambo anatazama chini kwanza. Feza alikuwa wa familia iliyotoka Kongo zamani ikakaa pwani ya ziwa. Mama yake alianika dagaa Kibirizi, na dagaa hao ndio waliokuwa wakimweka Feza chuoni. Nilijipa uenyekiti mimi. Sikumbuki hata kama tulipiga kura.

Tukachagua kinamama wa Kibirizi, wale wanaoanika dagaa ufukweni. Siku mbili nilisimama na daftari nikiwatazama, na nilichokiona mimi kilikuwa vurugu tupu. Huyu anageuza dagaa wa yule, yule anaacha wake anakimbilia wa mwingine, hujui nani anasimamia nini. Nikarudi chumbani nikaandika mpango peke yangu. Ufuko utagawanywa kwa kamba za katani, kila mama awe na eneo lake, mtu asiguse kazi ya mwenzake, na awepo msimamizi mmoja. Msimamizi mwenyewe, bila shaka, nilikuwa mimi.

Niliwasomea wenzangu kwa haraka. Feza akaanza, "Lakini mvua ikija, dada Zuhura..." Nikamkata, "Hilo tutaliona baadaye." Nikamgeukia Yohana.

"Tumekubaliana?"

"Ego," akasema.

Mimi nimekulia Ujiji, nimesikia Kiha sokoni tangu sijaota meno. Ego ni ndiyo. Nikafunga daftari, nikatangaza kwamba kikundi kimekubaliana.

Siku ya kujaribu tulifika mapema. Kinamama hawakubisha. Enzi zile mtu akija na karatasi kutoka mjini alisikilizwa, hata kama karatasi yenyewe imeandikwa na mtoto. Nilifunga kamba zangu nikakaza vizuri, ufuko ukapendeza machoni mwangu. Mama Feza alianika dagaa wake, wengi kweli siku hiyo, kisha akambeba mdogo wake Feza mgongoni kumpeleka zahanati, maana mtoto alikuwa na homa. Aliondoka bila wasiwasi, kama alivyokuwa akiondoka siku zote.

Wingu lilitokea nyuma ya milima likiwa limeshaiva. Kinamama wakaanza kuanua, kila mmoja ndani ya kamba zake. Waliomaliza wakasimama, wakautazama upande wa Mama Feza, wakanitazama mimi.

"Tuguse?" mmoja akauliza.

Mwanangu, unajua nilifanya nini? Nilifungua karatasi. Mvua imeshaanza kudondoka, dagaa wa mwenzangu wako chini, na mimi natafuta kwenye karatasi kama nimeandika ruhusa. Nilipoinua kichwa na kusema waguse, Feza alikuwa ameshaikata kamba anakusanya kwa mikono miwili huku analia. Dagaa walikuwa wamelowa chapachapa. Aliyelowa kabla hajakauka ameharibika, hilo hata mimi nililijua.

Mvua ilipopita tulikaa watatu ubavuni mwa mtumbwi. Nikatafuta mtu wa kumlaumu, nikampata Yohana.

"Wewe uliona kwamba mpango huu haufai?"

"Niliona."

"Mbona ulisema ego?"

Akatazama chini kwa muda wake. "Ego ile ilikuwa ya nimekusikia," akasema. "Ulikuwa unasema, mimi nikasikia. Mtu akiwa bado anasema na haachi nafasi, kwetu humkatizi, unamwambia ego. Hukuniuliza mimi naonaje."

Nikaikunja karatasi yangu iliyolowa. Mimi Zuhura, niliyekuwa na jibu la kila swali la ubaoni.

Mama Feza aliporudi na mtoto mgongoni, niliinuka nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Alitazama kamba, akatazama dagaa, akaitikia marahaba kwa sauti ya kawaida, na ule utulivu wake uliniumiza kuliko matusi. Nikamwambia kosa ni langu. Akanijibu, "Weye mtoto wa Ujiji, ulikaa hapa siku mbili unatutazama. Uliona tunakimbia. Hukuuliza tunakimbilia nini."

Kabla sijasema neno, kinamama wakaanza kuja. Hawakuitana. Mmoja alileta beseni la dagaa wake mwenyewe akalimimina kwenye gunia la Mama Feza, akaenda zake. Wa pili naye hivyo hivyo, na wa tatu, mpaka gunia likafika karibu na shingo. Hakuna aliyetoa hotuba. Mimi nilisimama pembeni nikiwa na kamba mkononi, nikalia kama mtoto.

"Kesho uje," Mama Feza akaniambia. "Uje bila karatasi."

Nilikwenda siku saba. Nilianika, niligeuza, nilinuka dagaa mpaka mwenye nyumba wangu akanitania kwamba paka wa Katubuka nzima wamehamia mlangoni kwake. Na hapo ndipo nilipoanza kuona nilichokuwa nakitazama. Wingu likitokea, kila mama anaanua waliopo karibu na mguu wake, hata wawe wa nani, kisha anasogea kwa waliofuata. Ndiyo maana wanakimbia wakipishana. Dagaa wakichanganyika, wanagawana kwa beseni, na asiyekuwepo ndiye anayepimiwa kwanza, kwa sababu hawezi kujisemea. Jambo hilo halikuandikwa mahali popote. Kila mmoja alilijua, na kwa kulijua mama aliweza kumpeleka mtoto zahanati bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mimi nilikuwa nimeifunga imani yao kwa kamba nikaita mpangilio.

Tulipokutana tena watatu, niliwauliza Feza na Yohana, "Ingekuwa ninyi, mngefanyaje?" Kisha nikanyamaza. Mwanangu, kunyamaza huko ndiko kulikonitoa jasho. Feza alianza haraka. Alisema mikeka ya kufunikia dagaa huwa majumbani, mtu anapoteza muda kuikimbilia, afadhali kijengwe kibanda kimoja pale ufukweni iwekwe humo yote. Yohana alichelewa. Niliuma ulimi mara tatu nisimsaidie kusema. Mwishowe akasema yeye asingeleta utaratibu mpya hata kidogo. Angeuchukua huu wa kinamama, wa kuanua kwa wote na kumpimia kwanza asiyekuwepo, akauandika katika kanuni za ushirika, ili atakayekuja kesho na karatasi kutoka mjini aukute umeshaandikwa. Alisema hivyo bila kunitazama, lakini Feza alicheka, na mimi nikacheka.

Tukawapelekea kinamama mpango huo kwanza. Walibadilisha mawili matatu, wakakubali.

Siku ya kueleza ikafika. Mwalimu Sabina alitutazama mmoja mmoja, akasema, "Yohana." Nikaona vyeti vitatu vinaondoka, na kijiji cha huko juu kinampokea mtu wao mikono mitupu. Yohana akasimama, mikono nyuma, akatazama sakafu mpaka watu wakaanza kujikohoza. Halafu akaanza. Alieleza kazi ya ufukweni kwa utaratibu, kama mtu anayesimulia habari za nyumbani kwake, mpango wa kwanza na wa pili, kamba na mvua, hakuficha kitu.

Mwalimu akauliza, "Kosa la mpango wa kwanza lilikuwa la nani?"

Niliinamisha kichwa kungoja jina langu. Nilistahili.

"La kikundi, Ndugu Mwalimu," Yohana akajibu. "Mwenyekiti hakutuuliza. Mimi na Feza tuliona, tukanyamaza, tukamwacha aende nao mpaka ufukweni."

Mwalimu Sabina aliandika kitu, akavua miwani. "Kaeni," akasema. "Hili somo mmelielewa." Vyeti tulipata vyote vitatu, lakini nilichokibeba moyoni siku ile ni jibu la Yohana. Alikuwa na nafasi ya kujiokoa peke yake, na haki alikuwa nayo. Aliitumia kusimama karibu yangu.

Basi nakusihi, mwanangu. Usihesabu vichwa vinavyoinama mbele yako ukadhani umekubaliwa. Mtu akikuitikia, muulize anaonaje, halafu nyamaza mpaka amalize, hata kama ukimya utakuwasha mwili mzima. Ukikuta watu wanafanya kazi kwa namna usiyoielewa, kaa nao uishike kazi hiyo kabla hujaitengeneza. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mfuasi, ukaona kiongozi wako anapotea, usimwache aende peke yake ili baadaye upate la kusema. Mwambie mapema, kwa adabu. Nenda leo kwa huyo mwenzako unayemwita mzito. Huenda uzito wenyewe ni wa mambo aliyoyabeba ambayo hujamuuliza.

Mungu akutangulie katika masomo yako, akufungulie njia na akulinde ugenini. Akujalie watu wa kukwambia unapokosea, na zaidi ya yote akujalie wewe uwe mtu anayeambika. Amina.